Kitunguu cha Maji Safi

"Yote mbili, afande," Geresom alisema bila kuinua jicho kwenye hadubini. "Hii imevunjika, na hii pia imevunjika."

Inspekta Marjan alikuwa ametoka Jinja alfajiri, akala vumbi njia nzima mpaka Mbale, ili asikie neno moja tu. Hili silo alilolifuata. Alivuta stuli, akaketi, akaiweka kofia yake juu ya goti.

"Sema tena, polepole."

"Nasema maji ya kiwanda imevunja kitunguu. Na ile maji yenu safi imevunja kitunguu. Mimi nitaandika nini kwa hakimu? Nitaandika hakuna tofauti ya kutosha."

"Ukiandika hivyo, Ijumaa tumekwisha."

"Najua. Ndiyo sababu nilikuita kabla ya kuandika."

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, mwezi wa nane, mwaka wa tisini na sita. Ijumaa saa tatu asubuhi hakimu wa Jinja angeamua juu ya mapipa arobaini yaliyopangwa kwenye uzio wa kiwanda cha kutia dawa nguzo za umeme. Ndani ya mapipa hayo ilikuja chumvi nyekundu, ile ambayo kwenye karatasi za meli huitwa dikromati. Chumvi ikiisha, pipa huuzwa. Watu wa mtaa wa Masese walikuwa wameshapitisha mikono kwenye uzio wakaandika majina yao kwa chaki, huyu la maji ya kunywa, yule la kuchachushia pombe. Hakimu alisimamisha uuzaji kwa majuma matatu, akawaambia polisi: nionyesheni kwamba mabaki ya pipa yanadhuru kitu chenye uhai, la sivyo nafungua geti. Naye Wanzala, meneja wa kiwanda, alisimama kortini na suti yake ya kijivu akasema pipa likishaoshwa ni pipa tu, kama sufuria. Watu walicheka. Marjan hakucheka.

Ndipo alipomkumbuka Geresom, mwalimu wa mbegu katika chuo kidogo cha kilimo chini ya mlima Wanale, Mgisu mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Geresom hakuwa na mashine za bei. Alikuwa na hadubini moja ya zamani, chupa mbili tatu za rangi na asidi, na vitunguu. Kitunguu, alisema, kinatosha. Ukikiweka mdomoni mwa chupa ya maji, mizizi inashuka ndani ya siku chache, na kwenye ncha ya kila mzizi seli zinagawanyika mchana kutwa. Unakata ncha, unailainisha, unaitia rangi, unaibana kwa kidole gumba kati ya vioo viwili. Ukitazama, unaziona nyuzi zenyewe zilizobeba DNA, zimekolea zambarau, zikivutwa nusu huku nusu kule. Maji yakiwa mazima, zinaachana vizuri. Maji yakiwa na kitu kinachokata, utaona vipande vimebaki katikati, vimepotea njia.

Alihesabu seli mia tano kwa kila chupa. Kila aliyoiona imevunjika alitupa punje moja ya maharagwe ndani ya kopo, maana mkono wa kuandika na jicho la kutazama, alisema, vinaoneana wivu. Wala hakujua chupa ipi ni ya nini. Marjan mwenyewe ndiye aliyeziandika A na B, akaifungia siri katika bahasha. Asubuhi hii waliifungua bahasha pamoja. A, maji yaliyosuuzia pipa la kiwanda: punje sabini na moja. B, maji safi ya bomba, kituo cha polisi, Jinja: punje arobaini na nne.

Marjan aliyatazama makopo yale mawili. Kisha akafanya lile alilolifanya kwa miaka kumi na tisa kila jambo lilipokataa kukaa sawa. Alianza kumhoji aliyekuwa karibu.

"Nani ameingia humu wiki hii?"

"Wanafunzi hapana, wako likizo. Mimi na paka."

"Na nani mwingine?"

Geresom alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati. "Wanzala alikuja. Jumamosi."

"Ala! Na ulikuwa unangoja nini kuniambia?"

"Ulikuwa hujauliza. Alikuja kusalimia. Mama yake kwao ni hapa karibu. Mimi nikamwambia mulembe, nikamtolea kiti nje, tukaongea habari ya mvua. Akauliza kazi inaendaje. Nikasema kitunguu hakijasema kitu."

"Na ndani?"

"Hakukanyaga." Akavuta kamba iliyokuwa shingoni, ufunguo ukachomoza chini ya shati. "Huu nalala nao. Mke wangu analalamika."

Marjan hakuridhika, na nani angeridhika? Alisogeza chupa mbili dirishani. Lakiri nyekundu ya nusu iliyobakishwa kwa ajili ya korti ilikuwa nzima, na sahihi yake ilipita juu yake bila kukatika. Kwenye chupa alizofanyia kazi Geresom kulikuwa na mistari ya kalamu inayoonyesha kila siku maji yalishuka kiasi gani. Alipima kwa rula. Hakuna mstari uliopanda. Mtu angeongeza kitu humo, hata kijiko, maji yangemchongea.

"Basi ni vitunguu vyenyewe," akasema. "Wakulima siku hizi wananyunyizia kila takataka."

"Vitatu vyote vimetoka kikapu kimoja."

"Vitatu?"

Geresom alijikuna shingo, kama mtu aliyeshikwa anakula jikoni. Halafu akaenda nyuma ya pazia, akarudi na chupa ya soda yenye kitunguu kimeketi mdomoni, mizizi myeupe imening'inia chini, mirefu na minyoofu. Chini yake alikuwa na kopo la tatu. Ndani mlikuwa na punje tatu tu za maharagwe.

"Hii ni ya kwangu. Maji ya chemchemi ya Wanale, tunayokunywa nyumbani. Mimi kila nikipima kitu naweka moja ya nyumbani, nisije nikadanganywa na rangi au na macho yangu. Hata mwalimu wangu alifanya hivyo."

"Na hukuiandika kwenye ripoti?"

"Fomu yenu ilikuwa na nafasi mbili, afande. A na B."

Marjan alitaka kufoka, akajikuta anacheka, kicheko kikavu kisichomfurahisha yeyote. Fomu aliichora yeye.

Akayapanga makopo matatu mezani mbele yake. Vitunguu kutoka kikapu kimoja, rangi moja, jicho moja. Cha Wanale kizima. Kwa hiyo kosa halikuwa kwa kitunguu wala kwa Geresom, na lakiri ilikuwa imeshasema halikuwa kwa Wanzala. Kosa lilikuwa limesafiri ndani ya chupa B kutoka Jinja, likiwa limefungwa lakiri na sahihi ya Inspekta Marjan.

"Kwa hiyo maji yetu safi si safi," akasema.

"Hapo ndiyo mimi nimelala macho siku mbili. Kama hii ni bomba kweli, basi ni bomba ya mji. Jinja yote inakunywa."

Nje mbuzi wa chuo walikuwa wanalia.

"Mtu akinywa," Marjan akauliza, "inamfanya hivi? Hivi ulivyoona humo?"

"Kitunguu si mtu, afande. Mimi siwezi kuapa kortini kwamba mtu fulani ameumia. Naweza kuapa kitu kimoja: hiki kitu kinaweza kukata DNA ndani ya seli ambayo iko hai. Uzi wa kitunguu na uzi wa mtu, ufundi wa kushona ni mmoja. Lakini mwili unajua kurekebisha. Wengine wanarekebisha, wengine hapana. Nani, lini, mimi sijui. Hakuna anayejua."

"Na mtoto aliye tumboni?"

Geresom alimtazama. Alijua, maana Marjan alikuwa amemwambia mwezi uliopita, kwa aibu na furaha ya mtu wa miaka arobaini na mbili, kwamba mkewe Fatumah ameshika mimba baada ya miaka sita ya kungoja.

"Kwa nini unauliza mtoto?"

"Nauliza tu. Jinja yote inakunywa, umesema."

"Huko seli zinagawanyika kuliko kwenye mzizi. Nenda kwanza ujue maji yametoka wapi."

Marjan alikunja ile fomu ya kuchotea akaiweka mfukoni. Ilisema hivi: maji ya bomba, ua wa kituo, yamechotwa na Konstebo Aber, saa nne na dakika arobaini, mbele ya Inspekta Marjan. Sahihi, sahihi. Alikuwa njiani, ameshapita Tororo, alipokiri moyoni kwamba lile "mbele ya" halikuwa kweli. Siku ile alikuwa ndani anaongea na simu. Aber aliingia na chupa, akaiweka mezani, naye akaichovya lakiri. Akaweka sahihi kwamba ameona, kama wanavyoweka wote.

Na kama Aber alinunuliwa? Wazo lile lilimwandama njia yote iliyobaki. Wanzala asingehangaika kuiharibu A. Mtu mjanja angeiharibu B, akaifuta tofauti, akaenda zake Mbale kuongea habari ya mvua. Kadiri alivyolipindua ndivyo lilivyopendeza, na kufika Iganga alikuwa ameshamtia Aber hatiani nusu.

Alifika kituoni saa tisa mchana. Kwenye benchi la kaunta alikuwepo Janepher, kama kila Jumatano, na mkoba wake wa ukindu mapajani. Mume wake Romano ndiye aliyekuwa mkoroga chumvi wa kiwanda. Alikufa mwezi wa nne, pua imetoboka ndani, damu haikatiki, na hospitali ikaandika sababu haijulikani. Tangu hapo mjane huyu alitembea kutoka Masese kila juma, akakaa kwenye benchi lile mpaka kaunta ifungwe. Hakulia wala hakugomba. Alikuja tu.

"Kodheyo, mama," Marjan akamsalimu. "Nipe dakika."

"Mimi niko, afande," Janepher akajibu.

Alimwita Aber ofisini, akafunga mlango. Aber alikuwa binti wa Kiacholi, mkakamavu, wa pili kwa shabaha kituo kizima, na nyumbani alikuwa na mtoto wa miezi minane. Alisimama wima, mikono mgongoni.

"Tarehe tisa uliniletea chupa ya maji. Ulichota wapi?"

"Bomba, afande."

"Bomba lipi?"

"Bomba ya hapa uani. Imeandikwa."

"Naona imeandikwa. Nakuuliza wewe, si karatasi."

Aber aliitazama ile fomu.

"Wanzala umemjua lini?"

"Nani? Mimi? Afande, huyo mtu simjui. Namwona kortini kama wewe."

"Alikupa nini, Aber? Nitajua tu. Ukisema sasa nitakuandikia vizuri."

"Afande!" Sauti ilimpasuka binti wa watu. "Mimi nimelala kwa mvua na wewe huko Wanyange siku tatu tunangoja mwizi. Nilikimbia? Halafu leo unaniambia mimi nimekula kitu ya mtu?"

Marjan aliona haya, lakini alikuwa ameshaanza. "Basi niambie maji yalitoka wapi."

Aber alishusha mikono. "Bomba ilikuwa imekauka," akasema. "Siku ile maji ilikatika tangu asubuhi. Wewe ulikuwa na simu, ukanifanyia hivi na mkono, haraka, gari ya Mbale inaondoka. Mimi nikasema maji ni maji. Nikaenda kwa lainsi, huko kwa nyumba zetu, nikachota kwa pipa."

"Na ukaandika bomba."

"Karatasi ulikuwa umeshaandika mwenyewe, afande. Maneno ya bomba ilikuwepo tayari. Mimi niliweka saa na jina."

Ilikuwa kweli. Mwandiko ulikuwa wake. Alikuwa ameandaa karatasi jana yake usiku ili kazi iende upesi.

"Pipa la nani?" akauliza.

"La kwako, afande. Mama Fatumah ndiye alinipa kata."

Kuna maneno mtu akiambiwa hubaki kwanza masikioni, yanagoma kuingia. Marjan aliitikia kwa kichwa, akasema "Sawa, konstebo," akachukua kisu cha kufungulia barua, akatoka kwa mlango wa nyuma. Aber alimfuata bila kuitwa.

Nyumba za askari zilikuwa safu mbili za mabati nyuma ya kituo. Kando ya kila mlango, chini ya mfereji wa bati, lilisimama pipa. Kumi na moja, yote ya buluu ya polisi. Marjan aliijua idadi kwa sababu ndiye aliyeyagawa. Mwezi wa pili aliyakamata Masese, kwenye banda la mwizi mmoja, yamepakwa rangi ya kijani na alama zote zimekwanguliwa. Mwizi alitoroka, mwenye mali hakujitokeza, mapipa yakabaki uani yakiota kutu. Mwezi wa tano mkuu wa kituo akataka ua usafishwe. Marjan akaona ni dhambi kuyatupa. Aliyasugua kwa sabuni na mchanga, yeye na askari wawili, wakayapiga rangi ya buluu. Halafu akaandika orodha, wenye watoto wadogo kwanza. La kwanza lilikwenda kwa Aber. Lake lilikuwa la mwisho, lile lenye kutu zaidi, na watu walimsifu kwa hilo.

Alipiga magoti mbele ya pipa lake, akaanza kukwangua. Buluu ikatoka. Kijani kikatoka. Chini ya kijani kulikuwa na bati na mikwaruzo ya mwizi, ila mwizi hakuwa na subira ya kufika ukingoni chini kabisa, pale pipa linapokaa ardhini. Ukoko wa rangi ulipobanduka, duara dogo likachomoza, na ndani yake nguzo tatu. Alama hiyo alikuwa ameitazama kwa majuma matatu kwenye mapipa arobaini.

"Wewe! Unaniharibia pipa langu?" Fatumah alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kimefungwa juu ya tumbo lililoanza kujitokeza, anatabasamu nusu. Alipoona uso wa mumewe tabasamu likaondoka. "Marjan. Kuna nini?"

"Nisaidie kulimwaga, Aber."

Waliliinamisha. Maji yakatiririka uani, mengi, safi ya kumetameta. Mapipa yale hayakuwahi kukauka tangu yalipogawiwa. Maji yakipungua, mtu huongeza ndoo mbili juu, mvua ikinyesha hujaa, na chini hakufiki mtu. Sasa chini kulifikiwa. Pale bati la kitako linapokunjwa na ubavu, ndani ya mkunjo, palikuwa na ukoko. Marjan aliuchokoa kwa ncha ya kisu. Ulikuwa wa rangi ya chungwa, umekauka kama masizi ya chungu, na tone la maji lilipouangukia lilienda njano.

Hakuna sabuni iliyofika pale. Wala mchanga.

Aber aligeuka akakimbia kwake, buti zinapiga chini, akiita jina la mtoto.

"Usinywe," Marjan akasema.

"Ya leo, au ya siku zote?" Fatumah akauliza.

Fatumah akakaa kwenye kizingiti taratibu, mkono mmoja ukutani.

"Tangu mwezi wa tano nimekunywa hapo," akasema. "Uji, chai, yote. Huyu mwalimu wako wa vitunguu anasemaje?"

"Anasema kitunguu si mtu."

"Na mtoto?"

"Anasema hajui. Anasema hakuna anayejua."

"Basi mimi nimeolewa na polisi wa nini," Fatumah akasema, na hapo ndipo alipoanza kulia, bila sauti, akijifuta kwa ncha ya kitenge. Marjan alipiga magoti palepale kwenye tope. Alitaka kumshika mkono, naye akauondoa. Alijuta kama hajawahi kujuta, na majuto yenyewe hakuwa na pa kuyapeleka.

Alizunguka milango yote. Kila mahali alisema maneno yaleyale: mwageni, msinywe, msipikie, pipa lilazeni hapa uani, ni ushahidi. Wengine waliuliza, wengine walimtazama tu. Mke wa sajini mmoja alimwambia, "Lakini afande, wewe ndiye ulitupa," na hakukuwa na ubaya katika sauti yake, alikuwa anakumbusha tu.

Aliporudi ofisini mapipa kumi na moja yalikuwa yamelala uani kwa safu. Alivuta faili la Romano akakaa nalo. Kichwani kazi iliendelea yenyewe, kwa mazoea. Aliona wazi kwamba kesi imepona. Wanzala alisema pipa likishaoshwa ni pipa tu. Hapa palikuwa na pipa lililooshwa na polisi wenyewe, kwa sabuni na mchanga, likakaa miezi mitatu likijazwa maji, na bado likapata punje arobaini na nne. Chupa B haikuwa kosa. Ndiyo ushahidi wenyewe, bora kuliko A. Ila usingeweza kuingia kortini bila mtu wa kueleza pipa lile limefikaje chini ya mfereji, na mtu huyo angeulizwa kila kitu, hata lile "mbele ya" ambalo hakuliona. Kazi angeipoteza, huenda. Aliliwaza hilo akashangaa jinsi lilivyokuwa dogo.

Akafungua maelezo ya Janepher ya tarehe ishirini na tatu mwezi wa nne, kwa mwandiko wake mwenyewe. Pua. Damu. Usiku mbili za mwisho. Na chini, mstari mmoja: *Shahidi alizungumza pia mambo mengine yasiyohusu faili hili.*

Alikaa akiutazama mstari ule. Aliufahamu vizuri. Ndio mstari anaouandika kila shahidi anapoanza kutangatanga, kwa kuwa faili moja ni jambo moja, na hivyo ndivyo alivyofundishwa na yeye akawafundisha akina Aber. Mambo mengine. Yapi? Akajaribu kukumbuka uso wa mwanamke yule siku ile, na kilichomjia ni kwamba alikuwa amechoka, ilikuwa karibu na chakula cha mchana, na mama alikuwa anasema kitu juu ya kuku.

Akatoka kaunta. Saa kumi na moja ilikuwa imepita na taa ya kaunta imezimwa, lakini Janepher alikuwa bado kwenye benchi. Fatumah alikuwa amekuja, ameketi ncha ya pili ya benchi lilelile, na hawakuwa wanazungumza.

"Mama Janepher. Siku ile ya kwanza, ulipokuja kuandikisha. Kulikuwa na kitu uliniambia, mimi sikukiandika."

Janepher alimwangalia mume, akamwangalia mke, akaliangalia tumbo la mke. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na mapipa yalionekana.

"Nilikuambia," akasema.

"Uliniambia nini?"

"Nilikuambia ile pipa mlikamata Masese, ile ya kijani, ni ya kwao Romano. Alijua. Alisema hata ukiosha na sabuni, chini inabaki. Sisi tulinyweshea kuku, kuku ikafa. Nilikuambia mwambie watu wasichukue. Ukaniambia mama, tuongee kifo, pipa ina faili yake."

Alisema bila hasira. Alisema kama anayesoma. Fatumah hakuinua kichwa.

"Ndiyo," Marjan akasema. "Nilisema hivyo."

"Kila Jumatano nakuja. Nilifikiri siku moja utauliza."

Marjan aliingia ofisini, akatoka na kiti, meza ndogo, na karatasi mpya isiyo na mistari ya A wala B. Akaviweka palepale mbele ya benchi, mkewe akisikia. Juu akaandika tarehe. Chini ya tarehe, mahali pa jina la afisa aliyehusika na mapipa, akaandika jina lake lote, na la baba yake, na namba yake ya kazi.

"Anzia kwenye kuku," akasema.

Janepher alianza na kuku. Kutoka kwa kuku akaenda kwa shangazi yake Romano aliyekuja kuwatazama, na mvua iliyoezua banda, na jirani aliyewapa mbegu, na mara mbili akasita, akamtazama afisa kama anayengoja kukatizwa.

"Endelea, mama," Marjan akasema, na kalamu haikusimama.